Kesi ya Binti Mkubwa

Kila mwaka, muhula wa pili, mwalimu wa Kiingereza alilia mbele ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Hakulia ovyo. Alilia mahali pamoja, kwenye ukurasa ule ule wa ile tanzia ya kale, pale mfalme mzee anapotokea akiwa amembeba binti yake mdogo, maiti. Mwalimu alianza kusoma kwa sauti ya chini, akifika katikati sauti ikakwama, akakiegemeza kitabu kifuani, akatazama dirishani, na chozi likateremka shavu la kushoto. Jicho la kulia, pamoja na jina lake, halikuwa hodari wa kulia.

Wanafunzi walimwita Mwalimu Machozi. Alilijua jina hilo, na tusifichane, lilimpendeza. Alidhani wamempa kwa sababu ya moyo wake laini. Ilimchukua miaka kugundua kwamba waliomaliza shule huwatajia wadogo zao ukurasa wenyewe, na kwamba ule ukimya wa darasani siku ile haukuwa wa huzuni. Ulikuwa ukimya wa watu wanaongoja kuona kama gari litafika kwa wakati.

Tanzia yenyewe haina mzunguko mkubwa. Mfalme mzee amechoka kutawala. Anawaita binti zake watatu, anawaambia kila mmoja aseme jinsi anavyompenda baba yake, atakayesema vizuri apate fungu nono. Wawili wakubwa wanamimina asali. Mdogo anasema maneno machache, makavu, ya kweli. Mfalme anapandwa na hasira, anamfukuza mdogo, anawagawia wakubwa ufalme wote, naye anabaki na cheo kitupu na askari wake mia moja, akikaa kwa huyu kwa zamu na kwa yule kwa zamu. Haipiti muda wanachoka naye. Wanaanza kumpunguzia wale askari, leo hawa, kesho wale, hadi asibaki hata mmoja, na mzee anatoka nje kwenye dhoruba, kichwa wazi, akili zinamruka. Mwishoni wanakufa karibu wote.

Mwalimu Machozi aliipenda tanzia hii kuliko zote kwa sababu moja ambayo hakupata kumwambia mtu: aliamini kwamba ndani yake yumo yeye. Kwao walizaliwa mabinti wawili tu, yeye na dada yake, lakini yeye ndiye aliyekuwa mdogo, na hilo lilimtosha. Dada yake alikuwa na maneno matamu, duka la vitambaa na nyumba yenye ghorofa. Yeye alikuwa na nyumba ndogo karibu na shule, ndoa fupi iliyokwisha bila kelele, na vitabu. Kwa hesabu zake, kila kitu kilikuwa mahali pake.

Baba yao alikuwa mkuu wa kituo cha zimamoto. Aliishi nyumba ya kazi, nyuma ya kituo, yeye na mkewe hadi mama alipofariki, kisha yeye peke yake. Alipostaafu ilibidi aihame. Siku ya kumuaga, katika ukumbi wa kituo, gari jekundu likiwa limeoshwa hadi linang'aa, dada mtu alishika kipaza sauti akasema kwamba nyumba yake ni nyumba ya baba, chakula chake ni cha baba, na pumzi yake pia. Watu walipiga makofi. Ikafika zamu ya mdogo. Huu ndio wakati aliokuwa akiusomesha miaka yote. Alisimama wima akasema, "Baba, mimi nitafanya linalonipasa kama mtoto wako," akaketi.

Alingoja mshtuko. Alingoja baba akunje uso. Mtu aliyeketi pembeni yake alimwomba asogee kidogo, apate njia ya kwenda kuchukua keki.

Basi baba alianza kukaa kwa dada. Alikaa kwa miezi kadhaa, na mdogo akawa anawaza kwa siri, tena kwa hamu kidogo, ni lini yule mkubwa ataanza kuonyesha makucha. Makucha yalipotoka yalikuwa ya heshima sana. Dada alipiga simu, akaeleza kwa sauti laini kwamba anataka kukarabati ile ghorofa, kuna vumbi, na kifua cha baba hakifai vumbi. "Mdogo wangu, wewe ndiye Baba anayekupenda zaidi. Hasemi tu."

Mwalimu Machozi aliweka simu chini akatabasamu peke yake sebuleni. Alitandika chumba cha wageni, akanunua mto mpya, akajisemea kwamba sasa dunia itaona mtoto ni nani.

Baba alikuja na sanduku la bati, redio, ubao wa drafti na kofia yake ya chuma ya zamani. Kabla hata hajaketi aliikagua nyumba. Alinusa jiko. Alichomoa nyaya zote ukutani, pamoja na ya friji. Alisimama ukumbini akalitazama kabati la vitabu kwa muda mrefu, kisha akauliza, kukizuka moto hapa, mtu atapitia wapi. Jioni ile kabati lilihamia chumbani kwa mwalimu, likachukua nafasi ya meza yake ya kusahihishia, na meza ikaenda nje chini ya turubai. Jikoni iliwekwa ndoo ya mchanga. Mwalimu alicheka, akawasimulia wenzake katika chumba cha walimu, na wote wakamwambia ana bahati kuwa na baba mwenye nguvu zake.

Tatizo halikuwa baba. Tatizo, alivyoona mwalimu, lilikuwa wale aliokuja nao.

Walikuwa wazee watatu, zimamoto wenzake, wastaafu kama yeye. Mzee Ngazi alikuwa mrefu na mwembamba, mpanda madirisha wa kituo kizima enzi zake, mtu wa kukaa kimya, lakini miguu yake ikinyooshwa ilifika katikati ya sebule. Mzee Mpira ndiye aliyekuwa akishika mpira wa maji, na ulimi wake ulikuwa umejifunza kazi hiyo hiyo: ukifunguliwa haufungiki. Mzee Kengele alikuwa amekaa karibu na kengele ya kituo miaka yote ya kazi, masikio yakawa yamemuaga, naye akawa anamhutubia kila mtu kana kwamba yuko ng'ambo ya barabara. Walikuja kila alasiri. Walicheza drafti, wakanywa chai, wakauzima upya kila moto waliowahi kuuzima, na moto mmoja wa kiwanda cha magodoro waliuzima karibu kila siku.

Mwalimu alirudi kutoka shule na mzigo wa insha, akawasalimia kwa adabu zote, "Shikamooni wazee," akajifungia chumbani kusahihisha akiwa amekaa kitandani, magoti ndiyo meza. Insha zote zilihusu tanzia ile. Swali alilitunga mwenyewe: eleza ukatili wa mabinti wawili wakubwa. Kuna siku alikuwa anaandika kwa kalamu nyekundu pembeni ya insha ya mtoto wa watu, "Hujaonyesha vya kutosha jinsi alivyokosa huruma kwa baba yake mzee," akainua kichwa, akapaza sauti mlangoni, "Baba! Hamwezi kuupunguza huo moto?" kisha akaendelea kuandika pale pale alipoishia. Hakuona kitu chochote cha ajabu.

Alianza kwa upole. Alimwambia baba kwamba siku za kazi anarudi amechoka, na pengine wazee wangekuja mwishoni mwa wiki tu. Baba alisema, "Sawa, mkuu." Mwalimu alicheka, akaona ni utani wa zimamoto.

Kisha ikawa Mzee Kengele. Hakuna aliyesema asije. Ilisemwa tu kwamba majirani wana mtoto mchanga, na sauti ile, jamani. Kengele hakuja tena. Kisha Mzee Mpira akaacha alama za duara za vikombe juu ya meza ya mbao, na koti lake la mvua likalowesha kiti, ikaonekana kwamba sebule ni ndogo kwa watu wengi. Akabaki Ngazi, ambaye hakusema kitu wala hakumwaga kitu. Jumamosi moja mwalimu alijikwaa kwenye miguu yake akiwa amebeba sinia la vikombe. Hakuanguka. Vikombe navyo havikuanguka. Lakini jioni, Ngazi alipokwisha kuondoka, alimwambia baba yake kwa ile sauti laini ambayo wangeisikia wengine wangeitambua mara moja kuwa ni ya ukoo mzima, "Baba, kwani redio haitoshi?"

"Sawa, mkuu," alisema baba.

Wiki iliyofuata nyumba ilikuwa kimya. Mwalimu alisahihisha insha zote. Alijiambia kwamba mzee naye anahitaji kupumzika.

Sasa huko darasani palikuwa na msichana mmoja waliyemwita Wakili. Jina lilimfaa, maana hata foleni ya maji ya kunywa alikuwa na hoja zake juu yake. Siku waliposoma sehemu ile ambayo askari wa mfalme wanapunguzwa, Wakili alinyoosha mkono akauliza hao watu mia moja walikuwa wanalala wapi. Halafu akauliza nani alikuwa anawapikia. Mwalimu alimjibu kwamba maswali hayo si ya fasihi. Wakili akasema kwa adabu kwamba, kwa maoni yake, binti mkubwa alikuwa na hoja, ila kitabu kimemwandika vibaya.

Darasa lilichangamka. Binti mkubwa, kuwa na hoja! Mwalimu Machozi aliamua kwamba jambo hili halimalizwi kwa kukemea, litamalizwa hadharani. Alitangaza kwamba Ijumaa darasa litageuka mahakama. Binti mkubwa atashtakiwa kwa ukatili dhidi ya baba yake. Wakili atamtetea. Kiranja wa darasa, kijana mnene mpole aliyeongea mara chache, ataendesha mashtaka, na wengine wote watakuwa wazee wa baraza. Atakayeigiza binti mkubwa ni msichana mwenye sauti kubwa kuliko wote.

Alhamisi shule ilicheza mpira na shule jirani. Ijumaa asubuhi mwenye sauti kubwa alikuja bila sauti yoyote, koo limebaki mluzi. Mwalimu hakuona kikwazo. Moyoni alishukuru. Aliwaambia kwamba binti mkubwa atamwigiza yeye mwenyewe, na atamwonyesha alivyo, hivyo kwamba hata wakili wa mbinguni asiweze kumwokoa. Alijitanda shuka la kijani la meza ya walimu mabegani, akapanda kwenye kiti kilichowekwa mbele ya ubao. Wakati huo huo mwalimu mkuu, aliyekuwa akipita ukumbini, alisikia kelele, akaingia, akaketi dawati la nyuma.

Wakili alisimama. Hakuanza na askari wala ufalme. Aliuliza kwa sauti ya mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa, "Hebu tueleze, binti wa mfalme. Baba yako alipokuja kukaa kwako, hali ya nyumbani ilikuwaje?"

Mwalimu alikuwa ameandaa majibu ya mtu mwovu, yenye kicheko cha puani. Alifungua kinywa ayatoe. Yaliyotoka yalikuwa mengine.

Alisema kwamba watu wanadhani ni rahisi. Alisema mtu unarudi nyumbani kichwa kinauma, unataka kukaa kwenye kiti chako mwenyewe, na kiti kina koti la mtu, tena limelowa. Alisema si kwamba humpendi baba yako. Unampenda, lakini kwa nini nyaya zote zichomolewe, hadi ya friji, maziwa yakaharibika? Sauti ilipanda. Alisema juu ya vikombe. Alisema mtu ana meza moja tu ya mbao nzuri maishani mwake, na watu wazima hawawezi kuweka kikombe juu ya kisahani. Alisema juu ya yule mwenye miguu. Akasema kuhusu yule mwingine na magodoro yake, kila siku magodoro, magodoro, na yule asiyesikia anauliza magodoro gani, na wanaanza upya. Akapiga mkono kwenye mkono wa kiti. "Na drafti! Nani aliyesema drafti lazima ipigwe mezani kwa kishindo? Kete inasogezwa tu!"

Darasa lilikuwa kimya kabisa. Si ule ukimya wa kungoja chozi.

Mwanafunzi mmoja wa dawati la mbele alifungua kitabu taratibu, akapekua. "Mwalimu, samahani," alisema. "Drafti iko ukurasa gani?"

Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mwalimu Machozi aliona shuka la kijani limemteleza bega moja. Alimtazama Wakili, na Wakili, ambaye kwa kawaida hakuwa na huruma, alitazama chini, akasema mtetezi hana swali zaidi.

Kiranja alisimama. Alikuwa ameandaa maswali mengi, ungeona karatasi mkononi, lakini aliikunja. Aliuliza moja tu. "Ulishawahi kumuuliza baba yako kwa nini anawahitaji?"

Mwalimu alitafuta jibu. Alilitafuta kwanza kitabuni, kwa mazoea, kisha kwingine kote. "Hapana," alisema. "Sikuwahi."

Wazee wa baraza walipiga kura kwa kunyoosha mikono. Binti mkubwa aliachiwa huru, karibu kwa kauli moja. Walisema, kila mmoja kwa maneno yake, kwamba amekosea lakini amechoka. Mwalimu angependa wamfunge. Mwalimu mkuu alikuja mbele akampa mkono, akamwambia hakujua kwamba shule ina mwigizaji wa kiwango hiki, hasa pale kwenye vikombe. Yeye mwenyewe nusura alie.

Alitembea kwenda nyumbani haraka, akipanga maneno. Atafika, atapiga goti mbele ya baba, atasema yote. Manyunyu yalikuwa yameanza. Alipofungua mlango alikuta nyumba kimya. Chumba cha baba kilikuwa kimetandikwa kizimamoto, shuka limenyooka kama karatasi. Ubao wa drafti haukuwapo. Redio ilikuwapo, katikati ya meza ya mbao, juu ya kisahani.

Jirani, mama wa yule mtoto mchanga, alimwambia kwamba mzee alitoka tangu mchana na mwavuli wake, amebeba kitu kama ubao kwapani. Akaongeza kwamba wamekuwa wakishangaa wazee wengine wamepotelea wapi, maana mtoto alikuwa amezoea kulala kwa sauti ya yule mmoja mwenye kupaza.

Mwalimu alimpigia simu dada yake. Baba hakuwa huko. Dada aliuliza, kwa sauti laini, alimwambia nini mzee. Mdogo akauliza, kwa sauti laini, ule ukarabati wa ghorofa ulikwisha lini. Waliendelea hivyo kidogo, wakiitana mdogo wangu na dada yangu, na katikati ya mazungumzo mwalimu alisikia kwamba hawezi kutofautisha ni sauti ipi yake. Alikata simu.

Manyunyu yaligeuka mvua. Si dhoruba, mvua tu, ya aina ile inayowafanya watu wasimame chini ya vibaraza na kutazama saa. Lakini Mwalimu Machozi alikuwa amesomesha tanzia ile kwa miaka mingi mno. Aliona mzee kichwa wazi uwanjani, nywele nyeupe, radi. Alitoka mbio bila mwavuli, kandambili miguuni, akapita duka la vitambaa vya dada yake likiwa limefungwa, akapita kituo cha mabasi akiwatazama wazee wote usoni hadi mmoja akamuuliza kama ana shida. Kandambili moja ilikatika. Akaendelea na ya pili. Hakuwa na pengine pa kwenda isipokuwa kituo cha zimamoto, akafika akiwa amelowa chepechepe, anahema, nywele zimemganda usoni. Zimamoto kijana wa zamu alipomwona alirukia kengele. "Moto uko wapi, mama?"

"Namtafuta baba yangu," alisema.

Kijana alishusha mkono kwenye kengele, akamwonyesha nyuma ya gari jekundu.

Walikuwa wameketi wanne, juu ya ndoo zilizopinduliwa, wakavu kuanzia kichwani hadi kwenye soksi. Birika la chai lilikuwa katikati. Mwavuli wa baba ulikuwa umetundikwa vizuri ukutani, mkavu nao. Mzee Ngazi alikuwa amenyoosha miguu yake kadiri alivyopenda, kwa sababu mahali pale palijengwa kwa ajili ya magari. Walimtazama mtu huyu aliyetoka kwenye dhoruba, na ni wazi kwamba katika kundi zima aliyerukwa na akili alikuwa mmoja tu.

Mwalimu alipiga goti kwenye sakafu ya saruji. "Baba," alianza, "nimekuja mbele yako..."

"Subiri, mama. Ni zamu yangu," alisema baba. Alifikiri, akala kete mbili za Mzee Mpira, akaipiga kete yake ubaoni kwa kishindo, ndipo akageuka. Alimtazama. Alivua koti lake akamfunika. "Umeacha jiko linawaka?"

"Hapana, Baba."

"Haya. Sema."

Akasema. Ile hotuba aliyoipanga ilikuwa imelowa na kusambaratika, akabaki anaeleza hovyo, mara mfalme, mara kisahani, mara askari mia moja. Ilibidi amsimulie hadithi yote tangu mwanzo, kwa Kiswahili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata darasani. Mzee Mpira alisikiliza bila kukatiza, labda mara ya kwanza tangu azaliwe. Mzee Kengele hakusikia, akaomba arudie kwa nguvu, na hivyo kituo kizima, pamoja na vijana wa zamu na fundi aliyekuwa chini ya gari, walisikia kwamba yeye, mwalimu wa Kiingereza, kumbe siku zote alikuwa binti mkubwa.

Baba ndiye aliyesema kwanza.

"Mia moja?"

"Mia moja, Baba."

"Ndani ya nyumba ya mtu?" Alitikisa kichwa. "Huyo mfalme hana adabu. Mtu ukishastaafu huwezi kuhamia na kikosi. Mimi mwenyewe ningewapunguza." Mzee Ngazi akaitikia kwa kichwa. Mzee Mpira akasema hata hamsini ni wengi, choo kimoja watakitumiaje.

Mwalimu alikuwa amekimbia mji mzima kuja kuungama, na padri alikuwa upande wa dhambi.

"Lakini, mwanangu," alisema baba, na sasa alikuwa akizitazama kete. "Ungeniambia siku moja tu, Baba, nyumba ni ndogo. Nimeishi na watu kituoni maisha yangu yote, najua mtu anavyochoka na mtu. Tungehamia hapa siku hiyo hiyo. Ila ulikuwa unapunguza kidogo kidogo. Mtu akipunguziwa kidogo kidogo anabaki anangoja. Kila asubuhi nilikuwa naamka nikijiuliza, leo atapunguza nini."

Maji yalichuruzika kutoka kwenye nywele za mwalimu hadi sakafuni. Akakumbuka swali la kiranja, akaliuliza, kwa sababu hakuona namna nyingine ya kulilipa. "Baba, kwani hawa wazee unawahitajia nini hasa?"

Baba alishangaa kidogo, kama mtu aliyeulizwa maji ni ya nini. "Nikiwa nao ninakumbuka nilikuwa nani. Nikiwa na redio ninakumbuka ni saa ngapi."

Mwalimu alikuwa amejiandaa kutoa kafara kubwa. Njiani, katikati ya mvua, alikuwa ameapa kuwakaribisha wote, kila siku, na makoti yao, na magodoro yao. Alilitamka sasa, akishikilia koti la baba shingoni. Wazee walitazamana. Mzee Ngazi, ambaye hakuwa amesema neno tangu aanze kuja nyumbani kwake, alikohoa akasema kwa upole, "Binti yetu, usijisumbue. Chai ya hapa ina sukari."

Basi ikawa hivyo. Walipatana kwamba drafti itachezwa kituoni, na nyumbani watakuja siku wakipenda wao, kwa hodi. Mwalimu Machozi alihisi nafuu inamshukia mwilini kama mtu aliyetua mzigo wa kuni, kisha akaona haya kwa ajili ya nafuu ile, kisha akachoka hata na kuona haya.

Mvua ilipopungua walirudi, yeye na baba yake, chini ya mwavuli mmoja. Baba alimwazima viatu vya mpira vya kituo, vikubwa mno, vikapiga kelele njia nzima. Walipofika karibu na shule baba aliuliza hadithi ile iliishaje.

"Wanakufa, Baba. Mfalme, mabinti wote watatu, na wengine wengi."

"Wote?" Baba alisimama. "Na hakukuwa na mtu wa kupiga kengele?"

"Ilikuwa zamani."

"Kengele zilikuwapo zamani." Alitembea tena, akiwa hajaridhika. Alitaka kujua yule mdogo alikuwa wapi muda wote huo, na alipoambiwa kwamba alikuwa nchi nyingine, amekaa kimya tangu onyesho la kwanza, alisema huyo naye ana makosa yake, maneno machache si sifa kama watu hawajui unamaanisha nini. Mwalimu alikumbuka keki.

Nyumbani alibadili nguo, akachukua mzigo wa insha mpya akaelekea chumbani, kitandani kwake. Baba alimwita. Alikuwa ameishusha redio, ameipangusa meza ya mbao, amevuta kiti.

"Fanyia kazi yako hapa," alisema. "Mimi nitakaa huku, nitanyamaza."

Baba akaketi upande wake, mwalimu akaketi wa pili, akafungua kalamu nyekundu. Baba alinyamaza kwa muda unaotosha mtu kusahihisha insha moja, tena si ndefu, kisha akauliza kama ile shule yao ina mlango wa nyuma.